RAV4 ya dola 9,800: gari lililofutwa na bima Marekani, linauzwa Lubumbashi

Gari limeegeshwa ndani ya lupango, kiwanja chenye ukuta, huko Kampemba, Lubumbashi. Limeoshwa asubuhi, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha. Ni Toyota RAV4 ya 2014, usukani wa kushoto, petroli, injini ya lita 2.5, rangi ya fedha. Dashibodi inasoma maili 74,000. Muuzaji anataka dola 9,800, wakati RAV4 za mwaka huo huo zilizo safi zinazungumzwa kwenye 12,800. Komisioneri, yaani dalali, ana maneno yake tayari: "Papa, hii mutoka haina shida, ilitoka Dubai, duane yote imelipwa." Mutoka ni gari, duane ni ushuru wa forodha.

Mnunuzi ni mtu wa Likasi anayeshuka Lubumbashi kila wiki na familia yake, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi, katikati ya malori ya madini. Huyu hatafuti gari la kuzungukia mjini. Tofauti ya dola 3,000 imemfurahisha, na ndiyo inayopaswa kumtia wasiwasi.

Gari na bei za kisa hiki ni za mfano, ila kila kasoro iliyomo ni ya kawaida kwenye magari ya njia hii: linagongwa Marekani, bima inalitangaza hasara kamili, linanunuliwa kwenye mnada wa magari yaliyobomoka, linasafirishwa hadi Falme za Kiarabu, linanyooshwa na kupakwa rangi katika magaraji ya Sharjah, linateremshwa Dar es Salaam, kisha linapanda kupitia Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Kila mpaka linaouvuka, historia yake inapungua. Likipata karti roz ya Kongo, yaani kadi ya usajili wa gari, karatasi ile haina hata mstari mmoja unaosema kwamba bima ilishalilipia gari hili na kuliacha.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hasara kamili ni hesabu ya pesa kabla ya kuwa hali ya bati. Bima inalinganisha gharama ya matengenezo na thamani ya gari siku ile kabla ya ajali. Marekani kila jimbo lina kipimo chake: New York gharama zikifika 75% ya thamani, gari linaandikwa limebomoka, Texas mpaka zifike 100%. Kwa hiyo gari la miaka minane lililopigwa na mvua ya mawe, likiwa na mashimo madogo mia moja juu ya bati, linaweza kufutwa bila hata boliti moja ya shasi kusogea. Na lingine lililopinda lonjero, ile boriti ndefu ya shasi, na kulipua erbagi (mifuko ya hewa) nne linafutwa kwa neno lile lile. Neno "salvage", yaani gari lililobomoka, kwenye hati ya Marekani halikuambii lipi ni lipi. Picha za mnada ndizo zinazokuambia.

Basi kazi inaanzia kwenye namba, kabla hata ya kufungua kapo, kifuniko cha injini. Magari ya soko la Marekani yana namba ya shasi ya herufi na tarakimu 17, ambayo haitumii kamwe I, O wala Q. Isome sehemu tatu: kwenye kibati kidogo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na kwenye karatasi za DGDA, idara ya forodha ya Kongo. Nafasi ya 10 ni mwaka wa modeli: D ni 2013, E ni 2014, F ni 2015. Hapa nafasi ya 10 ni E, sawa. Kibati cha chini ya kioo kinalingana na karatasi. Lakini kibandiko cha nguzo hakipo. Nguzo imepakwa rangi juu yake. Kiwanda hakipaki rangi juu ya kibandiko. Fundi wa rangi ndiye aliyekibandua kwa sababu alikuwa na kazi ya kufanya pale.

Andika namba yote 17 kwenye Google, bila nafasi katikati. Hii haigharimu hata kifurushi kikubwa cha intaneti, na wanunuzi wengi hawaifanyi. Mitandao inayohifadhi matokeo ya minada ya Copart na IAAI, kampuni za Marekani zinazouza magari yaliyobomoka, huacha picha zikiwa hai kwa miaka. Kama namba haitoi kitu, ripoti ya historia ya gari ya Carfax au AutoCheck inalipiwa kwa kadi, na ikilinganishwa na bei ya gari ni pesa ndogo.

Namba ya RAV4 hii inatoa picha kumi. Uharibifu mkuu umeandikwa mbele. Taa ya kushoto haipo, kapo limekunjika kama paa la nyumba, na gurudumu la mbele kushoto limesukumwa nyuma hadi linakaribia kugusa ukingo wa bawa, bati linalofunika gurudumu. Ndani, erbagi ya usukani imening'inia, ya abiria imetoka na kupasua kioo cha mbele, ya magoti ya dereva imetoka, na pazia, erbagi inayoshuka juu ya madirisha, limeshuka upande wa kushoto. Chini ya picha, odomita: maili 91,000.

Angalia mambo mawili hapo. Maili 91,000 ni kama kilomita 146,000. Dashibodi leo inasema 74,000, kama kilomita 119,000. Gari limesafiri nusu ya dunia na kurudi ujana. Hilo peke yake si sababu ya kulikataa, kwa sababu injini hii ikitunzwa inavuka namba hizo bila kelele, lakini linakuonyesha unafanya biashara na watu wa namna gani. La pili ni zito zaidi: pazia la pembeni limelipuka. Mgongano wa mbele tupu kwa kawaida hauhitaji pazia. Pigo hili lilikuja kwa pembe ya kushoto, likapitia gurudumu, na nguvu yake ikaenda kwenye nguzo ya mbele. Sasa unajua pa kutazama.

Sehemu ya kwanza ya kutazama ni rangi. Kipima unene wa rangi si kifaa cha tajiri, na fundi yeyote wa bodi aliye makini anacho. Rangi ya kiwandani huwa kati ya mikroni 80 na 150. Paneli iliyopakwa upya vizuri inaenda 200 hadi 300. Ukiona 500 na kupanda, chini kuna mastiki, ule uji wa kujazia bati lililobonyea. Anza na paa, kwa kuwa halipigwi mara nyingi, ulifanye kipimo chako. Hapa paa linasoma 110, mlango wa nyuma kulia 115, bawa la kulia 120. Bawa la kushoto linasoma 190, maana yake ni bawa jipya lililopakwa Sharjah, na hilo si kosa. Bawa limefungwa kwa boliti na linabadilishwa kama shati. Nguzo ya mbele kushoto, pale mlango unaposhika bawaba zake, inasoma 740. Nguzo ile haibadilishwi kama shati. Ni sehemu ya ngome inayozuia dereva asisagwe, na hapa imenyooshwa kwa nyundo kisha ikajazwa.

Kama huna kipima, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa chembamba inasaidia: inashika bati, inateleza juu ya mastiki. Ila sumaku haitofautishi 120 na 250.

Kisha kapo. Magari ya Marekani hubandikwa karatasi ya moshi wa injini, na mara nyingi utaikuta chini ya kapo. Hapa kapo ni safi, halina karatasi: limebadilishwa. Boliti za bawaba za kapo zina rangi iliyovunjika kwenye kona, zimeshikwa na spana. Yote hayo tayari tuliyajua kwenye picha. Kinachotafutwa hapa ni kuta za ndani, zile zinazobeba mnara wa shokamzoba. Kiwandani zinaunganishwa kwa madoa ya kuchomelea ya mviringo, karibu milimita 5 hadi 6 kila moja, yakiwa kwenye mstari na kwa nafasi sawa. Kulia yako hivyo. Kushoto madoa yamefunikwa na ute wa kuzibia uliopakwa kwa kidole, na mahali pawili kuna uvimbe wa kuchomelea kwa waya. Ukuta ulikatwa ukarudishwa.

Jamani, kukata na kuunga si dhambi. Garaji lenye kitanda cha kunyooshea shasi linaweza kuuweka ukuta mahali pake kwa milimita. Shida ni garaji linalounga kwa jicho. Na hapo ndipo vipimo vinaingia, vinavyohitaji timazi, chaki, futi ya chuma ya mita tano na sakafu ya saruji iliyo sawa. Stesheni ya mafuta ni pazuri, kwenye lupango lenye udongo haifai.

Nyoosha usukani magurudumu yatazame mbele. Shusha timazi kutoka katikati ya kila gurudumu, weka alama ya chaki sakafuni, ondoa gari, pima. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kwenye RAV4 ya kizazi hiki ni milimita 2,660. Kulia inatoka 2,659. Kushoto inatoka 2,646. Tofauti ya milimita mbili tatu ni ya mkono wa mpimaji. Tofauti ya 13 ni ya ajali. Gurudumu la kushoto lingali limerudi nyuma.

Limerudi kwa sababu gani? Huenda mkono wa chini umepinda, au berso, ile fremu inayobeba injini, haikukaa sawa. Vyote viwili ni vipuri vya kubadilisha. Au mnara wa shokamzoba wenyewe umesogea, na huo ni mwili wa gari. Kutofautisha, fungua kapo na pima msalaba: kutoka boliti ya mnara wa kushoto hadi alama iliyo karibu na kioo upande wa kulia, kisha kinyume chake kutoka mnara wa kulia. Chagua matundu ya kiwandani yanayofanana pande zote, usitumie kichwa cha boliti kilichopinda. Misalaba ikitofautiana chini ya milimita 3, mwili uko sawa na kosa liko chini. Hapa inatofautiana kwa milimita 8. Kwa hiyo ni vyote viwili, mwili na miguu.

Ni kwa nini milimita 13 zina uzito kwa mtu wa barabara ya Likasi? Mguu wa mbele ukirudi nyuma, pembe inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona inapungua upande mmoja. Gari linavutwa kushoto. Fundi wa paralelismi, anayelinganisha magurudumu, ataliweka sawa kwa kugeuza fimbo za usukani, na usukani utasimama umepinda kidogo ukienda moja kwa moja. Mwezi wa pili tairi la kushoto linaanza kulika ukingo mmoja. Mteja anarudi kwa fundi, fundi anageuza tena. Ile pembe ya kurudi haina boliti ya kurekebishia kwenye gari hili, kwa hiyo mashine ya paralelismi inaweza kuiona, ikaandika kwa rangi nyekundu, isiweze kuigusa. Kabla ya kununua gari lolote la namna hii, lipia kipimo cha magurudumu manne kinachotoa karatasi, na soma ile karatasi mwenyewe: tofauti ya pembe hiyo kati ya kushoto na kulia ikizidi nusu digrii, uliza kwa nini.

Sasa erbagi, na hapa ndipo pesa nyingi huibwa, kwa sababu erbagi haionekani mpaka siku ile.

Fungua swichi hadi ON bila kuwasha injini. Taa ya erbagi inapaswa kuwaka peke yake, ikae karibu sekunde 6, izime. Isipowaka kabisa, globu imetolewa au imezibwa. Ikibaki inawaka, mfumo una kosa. Njia ya ujanja zaidi ni kuiunganisha na taa nyingine, mathalani ya mafuta ya injini au ya chaji, ili izime injini inapowaka. Kwa hiyo washa swichi, subiri bila kuwasha injini, tazama kama inazima yenyewe. Hapa inawaka, inazima baada ya sekunde 6. Vizuri. Lakini kuzima kwa taa kunathibitisha kitu kimoja tu, kwamba moduli, kompyuta ya erbagi, inaona upinzani unaotarajiwa kwenye kila waya. Kipingamizi cha umeme cha ohmu mbili hivi, kipande kidogo cha senti chache, kikichomekwa mahali pa erbagi kinaidanganya moduli vizuri kabisa.

RAV4 hii ya Marekani ilitoka kiwandani na erbagi nane: usukani, abiria, magoti ya dereva, ndani ya kiti cha abiria, mbili za pembeni mwa viti, na mapazia mawili. Picha za mnada zinaonyesha nne zimetoka. Kwa hiyo swali kwa muuzaji ni moja, na ni la kawaida kabisa: risiti za erbagi nne ziko wapi?

Hakuna risiti. Basi tazama. Kifuniko cha usukani ni cheusi zaidi kuliko plastiki inayokizunguka, na alama ya Toyota imekaa chini kidogo. Sehemu ya dashibodi mbele ya abiria ina mstari mwembamba unaoonekana ukimulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni: dashibodi ilipasuka, ikagundishwa kwa nyuzi za glasi, ikapakwa rangi. Dashibodi iliyogundishwa hivyo haifunguki kwa mstari wake wa kiwandani. Hata kama ndani kuna erbagi, inaweza isitoke, au itoke na kipande cha plastiki mbele yake. Mkalishe mtu mzima kwenye kiti cha abiria na ufungue swichi: katikati ya dashibodi taa ya erbagi ya abiria inapaswa kusema ON. Hapa haisemi chochote.

Usipime erbagi kwa multimita. Umeme mdogo wa kifaa chenyewe unaweza kuilipua. Fundi anayefungua kitu chochote chenye plagi za manjano anatoa kwanza waya hasi wa betri na kusubiri sekunde 90 angalau. Atakayekuambia ni woga wa bure, ondoka karibu naye. Kisomeo kinachohitajika ni skana inayoingia kwenye moduli ya SRS, yaani mfumo wa erbagi. Vile vidude vidogo vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu kwa kawaida husoma injini tu. Skana ya SRS itaonyesha kama moduli bado ina kumbukumbu ya mgongano, na garaji la mjini lenye skana ya kazi huifanya kwa dakika kumi.

Mikanda inasahaulika sana. Vuta mkanda wa dereva wote mpaka mwisho. Chini kabisa kuna kibandiko chenye tarehe ya kutengenezwa. Hapa kinasoma 2009, kwenye gari la 2014. Mkanda umetolewa kwenye gari lingine. Mkanda wa abiria ni wa 2014, lakini umebaki na mng'ao kama plastiki iliyoguswa na pasi pale unapopita kwenye pete ya nguzo: ulibeba mtu siku ya ajali, ukasuguka kwa moto. Kivutio chake, kile kinachoukaza mkanda wakati wa ajali, kikiwa kimeshafyatuka, hautavuta tena.

Mambo mengine tunayapita haraka. Maji: inua zulia chini ya kiti, tazama boliti za viti na tundu la tairi la akiba, kama kuna mchanga laini mahali pasipofikiwa na miguu, au plagi zenye kutu ya kijani, ondoka, gari la mafuriko halina dawa. RAV4 hii ni kavu. Rejeta ni mpya, ya kampuni isiyo na jina, na inashika. Gia zinabadilika vizuri. Jaribio la barabarani, kilomita 20 hivi kuelekea Kasumbalesa: kwenye 80 kwa saa usukani unasimama umegeuka kidogo kulia, na ukiufungua mkono gari linakwenda kushoto. Mtu anayekufuata kwa gari jingine ataona zaidi: mgongo wa gari haufuati pua, linatembea kidogo upandeupande kama kaa.

Jambo moja dogo lakini la hatari, kwa sababu pigo lilikuwa upande wa mbele. Novemba 2023 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 1.8 ya RAV4 ya Marekani ya modeli za 2013 hadi 2018 kwa ajili ya betri. Betri mbadala yenye kichwa kidogo, isipobanwa vizuri na kishikio chake, inaweza kusogea kwenye kona kali, ncha chanya ikagusa kishikio, moto ukawaka. Gari lililojengwa upya mbele mara nyingi hupewa betri yoyote iliyopatikana. Hapa betri inacheza ukiisukuma kwa mkono, na kishikio kimefungwa kwa kamba ya mpira.

Hesabu sasa. Kwenye masoko mengi gari lililowahi kufutwa na bima, hata likitengenezwa sawasawa, hupoteza kati ya 20% na 40% ya thamani. Tuchukue 30%. Kwenye 12,800 unaondoa 3,840, zinabaki 8,960. Hiyo ni bei ya gari lililotengenezwa sawa, na hili halijatengenezwa sawa. Erbagi nne za mkono wa pili zenye namba ya kipuri inayolingana, mikanda miwili, moduli, kitambuzi cha mbele, sehemu ya juu ya dashibodi na kazi: tuweke 1,700. Kunyoosha kwenye kitanda, mkono wa chini, berso na jeometri: 1,100. Maili 17,000 zilizofichwa: 500. Akiba ya yasiyoonekana, 500 tena. Jumla 3,800, zinabaki 5,160.

Muuzaji alishusha hadi 9,000 kabla ya kuulizwa swali la pili.

Kati ya 9,000 na 5,160 hakuna mahali pa kukutana, na mnunuzi wa kisa hiki anapaswa kuondoka. Si kwa sababu ya neno la bima kwenye hati ya Marekani. Kama picha za mnada zingeonyesha mlango wa nyuma umebonyea na erbagi zote zimekaa, au paa lenye mashimo ya mvua ya mawe, au gari lililoibwa likapatikana bila redio, tungesema nunua, kwa bei ya 8,900 hivi, na ulifurahie. Magari mazuri kabisa ya njia hii ni hayo, na walanguzi wanaojua kazi ndiyo wanayochagua.

Japani ni habari nyingine. Gari la soko la Japani halina namba ya herufi na tarakimu 17, lina namba ya shasi fupi yenye kistari katikati, na historia yake iko kwenye karatasi ya mnada. Daraja R au RA maana yake mwili umewahi kutengenezwa. Kwenye mchoro, W ni paneli iliyonyooshwa, XX ni paneli iliyobadilishwa. Omba karatasi yenyewe, si maelezo yake kwa mdomo. Gari la Uingereza likiwa na herufi S ya bima ni uharibifu wa mwili, N si wa mwili. Herufi hizo zilianza Oktoba 2017, kabla yake zilikuwa C na D. Afrika Kusini, Code 3 ni gari lililojengwa upya.

Karatasi za hapa zinastahili dakika kumi. Namba ya shasi kwenye tangazo la DGDA, kwenye karti roz na kwenye gari ziwe moja, herufi kwa herufi. Jina la karti roz liwe la anayekuuzia. Kama si lake, mwenye jina aje na kitambulisho au alete uwakala ulioandikwa. Bima ya kulipa wengine ni ya lazima tangu sheria namba 73/013 ya 5 Januari 1973, na hiyo utaipata bila maswali. Bima kamili, ile watu wanaiita omniumu, iulize kabla ya kulipa, kwa maandishi, ukitaja historia ya gari. Ukiificha, kampuni itaitafuta siku ya madai, na wao pia wanajua kuandika namba 17 kwenye Google.

Sheria ya mikataba ya 30 Julai 1888, Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia, inambebesha muuzaji kasoro zilizofichika zinazolifanya gari lisifae kwa kazi yake, hasa kama alizijua, lakini mnunuzi anatakiwa kudai kwa muda mfupi, na kasoro aliyoiona mwenyewe haiitwi iliyofichika. Kwa hiyo ukinunua gari la namna hii, mkataba wa mauzo uwe na mstari kama huu: "Muuzaji anatamka kwamba gari namba fulani lilitangazwa hasara kamili na bima nchini Marekani kabla ya kuingia Kongo, erbagi nane na vivutio vya mikanda vipo na vinafanya kazi, odomita ilisoma maili 91,000 siku ya mnada." Muuzaji akikataa kutia sahihi kwenye mstari wa erbagi, amekujibu.

Na aliyekwisha kulinunua? Aanze na betri leo jioni: kishikio cha ukubwa wake, boliti iliyokazwa, na kifuniko cha plastiki juu ya ncha chanya. Kesho skana ya SRS. Mpaka majibu yatoke, watoto wakae nyuma, na mkanda ule wa 2009 asiuhesabu kama mkanda.